Oda Iliyofutwa Kabla ya Chakula Kutoka: Kisa cha Mgahawa wa Baga

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha tawi moja la mtandao wa migahawa ya baga. Jina la mgahawa, mahali ulipo, tarehe na majina ya wahusika yameondolewa, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili mtu yeyote asitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya mameneja wa zamu na wanaowafundisha. Anayetafuta mbinu za kumtuliza mteja mwenye hasira ataambulia kidogo, kwa sababu mteja wa kisa hiki hakupandisha sauti hata mara moja.

Usuli

Tawi lina jiko moja na milango mitatu ya kuingizia oda: kaunta pamoja na skrini za kujihudumia ukumbini, dirisha la wateja walio kwenye magari, na programu ya simu ambayo oda zake huchukuliwa na waendesha pikipiki. Oda zote humwagika kwenye skrini zilezile juu ya meza ya kupangia baga. Mpishi wa nyama hajui oda imetoka wapi wala hana haja ya kujua. Anayejua ni mfungashaji, kwa sababu ndiye anayeamua mfuko upi uende dirishani, upi kaunta na upi kwenye rafu ya pikipiki.

Dirisha la magari lina saa yake. Chini ya lami kumezikwa nyaya zinazohisi chuma cha gari. Gari likisimama mbele ya kipaza sauti, saa inaanza kuhesabu. Likiondoka dirishani, inasimama. Namba huonekana jikoni kwenye kioo kidogo kilichotundikwa juu ya vikaangio vya chipsi: kijani mambo yakienda, njano yakisuasua, nyekundu yakikwama. Lengo la tawi lilikuwa dakika tatu na nusu kwa gari, na sehemu ya bonasi ya meneja wa zamu ilitegemea namba hiyo.

Humo ndimo zilimozaliwa desturi mbili ambazo hazikuandikwa popote. Ya kwanza ni kuegesha: chakula kikichelewa, keshia wa dirishani humwomba dereva asogee mbele kwenye maegesho yenye namba, ataletewa hukohuko. Gari likishasogea, saa inasimama ikiwa kijani ingawa mteja hajapata hata pakiti ya tomato sosi. Ya pili ni kufuta mapema: mfungashaji anaiondoa oda kwenye skrini pale anapofungua mfuko, si pale mfuko unapokabidhiwa, maana oda iliyokaa sana kwenye skrini nayo hugeuka nyekundu. Kuegesha peke yake si kosa. Gari moja lenye oda ya watu kumi halifai kuziba foleni nzima. Kufuta mapema nako kunavumilika mfungashaji akiwa mzoefu na jioni ikiwa tulivu. Desturi hizi mbili zikikutana, oda inabaki kichwani mwa mtu mmoja.

Kuna jambo la zamani zaidi linalohitaji kutajwa, kwa kuwa bila hilo mtu anaweza kudhani wafanyakazi wa tawi hili walikuwa wazembe. Biashara ya baga za haraka ilipata kasi yake kwa kupunguza uchaguzi. Mwaka 1948 ndugu Richard na Maurice McDonald waliufungua upya mgahawa wao wa San Bernardino, California, ukiwa na vitu tisa tu vya kuagiza, na baga zote zikitoka na viungo vilevile: ketchapu, haradali, kitunguu na vipande viwili vya tango la siki. Mwaka 1974 Burger King ikaja na tangazo lililomwalika mteja aagize anavyotaka mwenyewe. Jiko la leo linadaiwa vyote viwili: kasi ya mgahawa wenye vitu tisa, na uhuru wa kutoa kitunguu, kuongeza jibini au kubadili mkate. Kila ombi la “bila hiki” linamtoa mpangaji kwenye mwendo ambao mikono yake imeuzoea.

Jioni ya tukio

Ilikuwa Ijumaa, saa za watu kutoka kazini. Mfungashaji mzoefu alikuwa ametuma ujumbe mchana kwamba anaumwa. Meneja wa zamu akamtoa kijana wa ukumbini, yule anayefuta meza na kupeleka trei, akamweka kwenye ufungashaji.

Saa moja na robo usiku, mama mmoja mwenye watoto wawili alisimamisha gari mbele ya kipaza sauti. Aliagiza baga mbili za watoto, moja ya mtu mzima, chipsi na vinywaji. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kurudia maneno hayo kila aendako: mtoto mmoja ana aleji ya maziwa, kwa hiyo baga yake isiwe na jibini wala kitu chochote chenye siagi. Keshia akamjibu, “Sawa mama, bila jibini,” akabonyeza kitufe cha BILA JIBINI. Kwa haki, hakuwa na kitufe kingine cha kubonyeza.

Alipofika dirishani alilipa, lakini chakula kilikuwa bado. Akaombwa asogee maegesho namba mbili. Gari likaondoka kwenye nyaya, saa ikasimama. Kijana wa kufungasha, aliyekuwa amefungua mfuko na kuweka leso na mirija tu, akaifuta oda kama alivyoelekezwa. Kilichobaki jikoni kuhusu oda ile ni karatasi nyembamba yenye gundi, na karatasi hiyo ikafunikwa na trei ya vinywaji vya oda nyingine.

Dakika zikapita. Waendesha pikipiki waliofika baada yake waliingia wakatoka na mifuko. Baada ya kama dakika kumi na mbili mama akawafunga watoto garini, akaingia ndani na risiti mkononi. Mfanyakazi wa kaunta akamwambia inakuja. Haikuwa inakuja. Aligeuka jikoni akauliza oda ya namba ile iko wapi, wote wakatazama skrini, haikuwapo. Mtu akakumbuka: “Si ile ya mama, baga tatu, moja haina jibini?” Wakaijenga upya kwa kumbukumbu. Mpangaji mmoja, ili kuokoa muda, alichukua baga iliyokuwa imeshapangwa ikiwa na jibini, akaifungua, akalibandua jibini kwa vidole vyenye glavu zilezile, akafunika na kuifungasha.

Mama alipofika garini hakumpa mtoto. Aliinua mkate kwanza, jambo ambalo bila shaka hulifanya kila mara. Pembeni ya nyama palikuwa na mstari wa njano, mwembamba, ulioyeyuka na kushika kwenye ukingo. Upande wa ndani wa mkate kulikuwa na alama ya pembe ya kipande cha jibini.

Akarudi kaunta, akaiweka baga mezani ikiwa wazi. Jibu la kwanza alilopewa lilikuwa samahani na chipsi za bure. Akasema, “Sitaki chipsi. Nataka kujua kama jikoni kuna mtu alisikia nilichosema.” Ndipo meneja wa zamu akaitwa.

Maamuzi na sababu zake

Swali la kwanza la meneja lilikuwa: “Mtoto ameonja?” Hakuwa ameonja. Mama alikuwa na sindano ya adrenalini kwenye mkoba na alijua kuitumia, lakini meneja hakulijua hilo alipouliza. Aliuliza kwanza kwa sababu jibu ndilo lingeamua kama jioni ile inaendelea kuwa malalamiko au inageuka kuwa dharura ya kuita gari la wagonjwa.

La pili, alichukua mfuko wote, si baga moja tu, akauweka pembeni na risiti yake bila kuutupa. Mpangaji alitaka kuutupa haraka, kwa aibu zaidi kuliko kwa usafi. Meneja akamzuia: kesho yake wangehitaji kuona ni nini hasa kilitoka jikoni.

La tatu ndilo lililomgharimu. Alisimamisha upande mmoja wa meza ya kupangia, akaamuru mikono ioshwe, glavu zibadilishwe, kisu bapa na meza visafishwe, ili baga ianze upya tangu mwanzo. Foleni ya magari ikaganda. Kioo cha saa kikawa chekundu na kikabaki hivyo karibu robo saa. Msaidizi wake alimnong’oneza mara mbili kwamba upande ule ufunguliwe, baga yenyewe ni moja tu. Meneja akakataa.

Kazi ikiwa katikati ndipo alipofanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa kwenye kipaza sauti. Alikwenda stoo, akageuza katoni ya mikate, akasoma viambato. Kulikuwa na unga wa maziwa. Isitoshe, mikate yote hupita kwenye mashine moja ya kuchomea, pamoja na ile inayopakwa siagi. Akarudi kwa mama, akamwambia bila kuzungukazunguka: mkate wetu una maziwa, kwa hiyo hata tungeondoa jibini mara kumi, baga hii haimfai mwanao. Akampa njia mbili: nyama iliyofungwa kwenye majani ya saladi na kupangwa kwenye meza iliyosafishwa, au kurudishiwa fedha zote. Mama akachagua fedha, akashukuru kwa sentensi moja, akaondoka.

Kuna waliosema baadaye kwamba meneja alimfukuza mteja kwa kumweleza mengi mno. Sioni hivyo. Mteja alikwisha kuamua kutokula pale tangu alipouona ule mstari wa njano. Meneja alimpa taarifa atakayoitumia mahali pengine.

Siku iliyofuata

Kikao cha asubuhi kilianza kama vikao hivi vinavyoanza siku zote, kwa kumtafuta mtu. Pendekezo la kwanza lilikuwa keshia arudishwe kwenye mafunzo na mpangaji apewe onyo. Meneja mkuu wa tawi alikuwa tayari kusaini. Kabla hajasaini, meneja wa zamu aliomba watoe rekodi ya saa ya dirishani na kuilinganisha na muda uliochapwa kwenye risiti pamoja na picha za kamera ya kaunta.

Saa ilisema gari lile lilihudumiwa kwa dakika mbili na sekunde hamsini. Kijani kabisa. Kamera ilimwonyesha mama akiwa na mfuko mkononi kwa mara ya kwanza zaidi ya dakika ishirini baada ya kuagiza, na mfuko wenyewe ukiwa na chakula kisichomfaa mtoto wake.

Wakatazama magari mengine ya saa ileile. Hadithi haikutofautiana sana. Kwenye rekodi, Ijumaa ile ilikuwa mojawapo ya jioni nzuri za mwezi, hadi robo saa ile ambayo meneja alisimamisha meza. Yaani kipindi pekee kilichoandikwa kama kibovu ndicho ambacho jiko lilifanya kazi yake sawasawa.

Matokeo

Mabadiliko hayakuja yote kwa pamoja, na mengine yalipingwa. Kitufe kipya cha ALEJI kiliwekwa kwenye mashine ya keshia; oda yenye alama hiyo hutokea kwenye skrini ikiwa na rangi yake, na haifutiki mpaka meneja wa zamu aweke namba yake ya siri. Keshia akiisikia kauli ya aina hiyo haruhusiwi kuahidi chochote. Anasema, “Subiri kidogo, nikuitie meneja.” Orodha ya viambato ikabandikwa dirishani na kaunta, na mkate ukawa wa kwanza kwenye orodha hiyo.

Kufuta mapema kukapigwa marufuku. Kuegesha kukaruhusiwa, ila namba ya maegesho sharti iandikwe kwenye oda na oda ibaki kwenye skrini hadi mfuko ukabidhiwe.

Msimamizi wa kanda alikataa saa iondolewe kwenye bonasi. Baada ya mazungumzo marefu alikubali isitumike kwa mwezi mmoja. Namba za dirishani zikaharibika mara moja, kama ilivyotarajiwa, kwani kwa mara ya kwanza zilikuwa zinasema kweli. Malalamiko ya vitu kukosekana kwenye mfuko yalipungua waziwazi. Meneja mmoja wa zamu, si yule wa kisa hiki, alichukia hadharani kwa sababu alikuwa hodari wa kuegesha na bonasi yake ilitoka hapo.

Mama alijibu barua ya tawi kwa ufupi na kwa adabu. Kwa kadiri tawi linavyojua, hajarudi.

Uchambuzi

Tuanze na kitufe. BILA JIBINI ni ombi la ladha. Aleji ya maziwa ni jambo la mwili: kinga ya mtoto inashambulia protini za maziwa, na kwa baadhi ya watoto chembe kidogo inatosha. Jibini likibanduliwa, protini hizo hubaki kwenye nyama na kwenye glavu, na moto wa bamba la kukaangia hauziondoi. Wafanyakazi wengi huchanganya hili na tumbo lisilopenda maziwa, ambalo ni tatizo la kusaga sukari ya maziwa. Linaudhi lakini halifungi koo. Sheria zenyewe zimeshatenganisha mambo. Umoja wa Ulaya una orodha ya viambato 14 vya aleji ambavyo mteja lazima aelezwe, na Marekani ina 9, cha mwisho kikiwa ufuta ulioongezwa rasmi Januari 2023. Maziwa yamo kwenye orodha zote mbili. Na ufuta uko juu ya mikate mingi ya baga, mahali ambapo hakuna anayefikiria kuutafuta.

Keshia alisikia vizuri. Mashine ndiyo iliyoligeuza onyo kuwa upendeleo, na kuanzia hapo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kujua. Kumrudisha mafunzoni kusingebadilisha kitu. Mpangaji aliyebandua jibini naye, kwa taarifa aliyokuwa nayo, alimtendea mteja mchagua ladha kitendo cha kawaida, ingawa hata kwa mteja wa namna hiyo ni ubabaishaji.

Sasa saa. Jikoni hapohapo kuna saa nyingine ambayo haikudanganya mtu jioni ile. Bamba la kukaangia la tawi hili lina kifuniko kinachoibana nyama juu na chini, na hakifunguki mpaka muda uishe. Nyama iliyosagwa inatakiwa ifikie nyuzijoto 71 katikati ndipo bakteria hatari wafe. Tahadhari hii haikuja bure: mwaka 1993 huko Marekani baga zisizoiva ziliwafanya watu zaidi ya 700 waugue, na watoto wanne wakafa. Mpishi wa Ijumaa ile alikuwa kwenye presha kama wenzake, lakini hakuweza kupunguza hata sekunde, kwa sababu saa yake imefungwa kwenye kitendo chenyewe. Saa ya dirishani imefungwa kwenye gari, si kwenye chakula. Ukisogeza gari, umesogeza ukweli.

Meneja angeweza kuujua ukweli huo bila kifaa chochote. Mwaka 1961 mtafiti wa Marekani John Little alithibitisha kanuni ambayo mtu yeyote wa mgahawa anaweza kuitumia: wanaosubiri ni sawa na wanaoingia kwa dakika, mara muda wa wastani wa kusubiri. Oda mbili zikiingia kila dakika kutoka milango yote mitatu, na ukihesabu walio kaunta, waliopo maegesho na waendesha pikipiki ukapata oda 24 ambazo hazijatoka, basi kila oda inasubiri wastani wa dakika 12 hata kioo kikisema tatu. Kuhesabu watu hakuchukui dakika moja. Namba haidanganyiki, maana mtu aliyeegeshwa bado ni mtu anayesubiri.

Chipsi za bure zilikuwa kosa dogo lenye maana kubwa. Fidia iliyotolewa kabla ya swali humwambia mteja kwamba mgahawa umeshaamua tatizo lake ni nini. Mfanyakazi wa kaunta alifuata mwongozo, na mwongozo ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya kuchelewa. Haukuwa na ukurasa wa hatari.

Hatua iliyonitia shaka zaidi miongoni mwa zilizochukuliwa ni ya rafu ya pikipiki. Ilihamishiwa mlango wa pembeni ili wateja wa ukumbini wasione oda za baadaye zikitoka kabla ya zao. Manung’uniko ya ukumbini yalitulia, na ni kweli kwamba kusubiri kunakoonekana si haki huuma kuliko kusubiri kurefu. Lakini utaratibu wa nani atangulie haukuguswa. Oda za programu bado zilikuwa na kipaumbele, kwa kuwa kampuni ya programu hulitoza tawi au kulishusha kwenye orodha pikipiki ikikaa sana. Pazia limewekwa, jiko ni lilelile. Ningependelea wateja waendelee kuona, na tawi liwe na ruhusa ya kuizima programu kwa dakika kumi au kumi na tano jiko likijaa, kama linavyoweza kuzuia magari barabarani.

Ombi hilo liliwasilishwa pamoja na mengine. Msimamizi wa kanda alilikataa mara ya kwanza kwa hoja kwamba mauzo yaliyozimwa hayarudi. Limepelekwa tena, safari hii likiwa na hesabu ya mifuko iliyorudishwa na fedha zilizotolewa kwa wateja saa za Ijumaa jioni. Hadi uchambuzi huu unaandikwa, programu bado haizimwi.